Neno Dogo la Bwana Stoo

Mimi ni fundi cherehani, na dukani kwangu watu hawakosekani. Anayeleta sketi kupunguzwa kiuno hukaa mpaka saa sita akifuata umbea tu, nami simfukuzi mtu. Kwa hiyo Jumamosi ile mashahidi walikuwa tele.

Mwalimu wa chekechea alisimama juu ya stuli na gauni lake la harusi mwilini. Lilikuwa bado la bandi, zile nyuzi ndefu za mkono za kushikiza tu. Kwangu, gauni la harusi haliingii mashineni mpaka bibi harusi mwenyewe aseme, "Piga cherehani."

Mama yake alikuwa amepiga magoti, anaokota pini sakafuni. Mchumba, ambaye sote tunamwita Bwana Stoo kwa kuwa ni karani wa stoo ya vifaa vya ujenzi, alikuwa amejimwaga kwenye kiti cha wateja, anachokonoa meno kwa pini yangu. Pini yangu! Akaifuta kwenye suruali, akairudisha kwenye kopo langu la pini.

"Hii bitana ya ndani ya rangi gani tena?" akamuuliza mama mkwe wake, aliyekwenda kuinunua.

"Ya maziwa, baba. Si ndiyo mlisema?"

"Nyeupe! Tulisema nyeupe." Akatugeukia huku anacheka. "Huyu mama stupidi kweli."

Mama naye akacheka, kicheko cha mtu anayeogopa kuharibu shughuli. "Kichwa changu hiki, baba, kimezeeka."

Kile kicheko ndicho kilichonichafua roho kuliko hata meno yale.

"Umemwitaje mama?" Mwalimu akauliza kutoka juu ya stuli.

"Aa, mpenzi, usikuze mambo. Kwa Kiingereza hilo si tusi, ni neno dogo tu. Ukijikwaa kwenye kiti, kiti stupidi. Ukisahau funguo, wewe stupidi. Wanaopendana wanaitana hivyo kutwa. Ninyi ndio mnalisikia kishamba."

"Kumbe tusi likipanda ndege linashuka limeshakuwa salamu!" akarusha kijembe shoga yangu msusi, na watu wakaguna.

Hapo mlango ukafunguka. Akaingia bosi wa Bwana Stoo, mzee mwenye stoo yake, amefuata suruali zake. Bwana Stoo aliruka kitini utadhani kimeshika moto. "Shikamoo, mzee!"

Mzee akajipimia suruali kiunoni, zikaburuta chini. Akajipiga paji la uso. "Fundi, kosa ni langu. Siku ile ulinipima nimevaa mabuti."

"Mpenzi," akasema Mwalimu, sauti tamu kabisa, "mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Lile neno dogo. Mzee kakosea kipimo kama mama alivyokosea rangi. Na unampenda, si umempisha kiti?"

"Neno gani?" mzee akauliza.

"Hakuna, mzee, hawa wanatania." Jasho lilikuwa linamchuruzika puani, akalifuta kwa mkono uleule uliochokonoa meno. Akasogea kwenye stuli, akanong'ona, nasi tukasikia vizuri sana: "Unataka nifukuzwe kazi?"

"Kwa neno dogo?"

Mama, bado kapiga magoti, akamvuta binti yake pindo. "Mwanangu, yaache. Kadi zimeshagawiwa. Watu watatusema."

Mwalimu alimtazama mama yake, na zile pini zilizojaa kiganjani mwake. Akashuka, akamwinua kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye kile kiti cha wateja. Kisha akaninyooshea mkono.

"Fundi, fumua."

Nikashika ncha ya uzi, nikavuta mara moja. Bandi haina ubishi. Mkono wa gauni ukaachia begani. Kwingine tulimalizia nyuma ya pazia, msusi akishangilia kwa vigelegele hata aliponyamazishwa.

Bwana Stoo alitoka nyuma ya bosi wake, amembebea suruali ambazo hata sijazipunguza. Nami nikachukua kopo zima la pini, nikalimwaga jalalani, maana sikujua ni ipi iliyopita kinywani mwake.