Mtoto wa Ijumaa Isiyokuwapo

Haya, nikutegee, nawe usimtazame jirani: nchi nzima ililala Alhamisi ikaamka Jumamosi, na hakuna hata mmoja aliyepitiwa na usingizi. Ijumaa iliingia wapi?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Umenipa Apia? Vizuri, keti, maana ndiko tuendako.

Huko Samoa, mwisho wa mwaka 2011, serikali iliisogeza kalenda ili nchi iende sawa na Nyuzilandi na Australia, ambao Jumatatu walikuwa wameshaingia kazini wakati Wasamoa bado wako kanisani Jumapili. Basi Ijumaa ya tarehe thelathini Desemba ikarukwa, kama mtu anavyoruka dimbwi njiani. Watu wakacheka, wakasali, wakalala, wakaamka Jumamosi. Jibu ndilo hilo. Lakini alikuwapo dada mmoja, Pelenise, ambaye miaka mingi baadaye Ijumaa hiyo ilimchanganya akili mpaka akasahau chai yake mezani ikapoa.

Pelenise alikuwa mtunza kanzidata wa kliniki moja ya moyo ya watoto, nyumba ya chini yenye paa jekundu nyuma ya kanisa, upande wa Vaitele. Kanzidata ni ghala la majina ndani ya kompyuta. Mle walikuwamo watoto wote walioshikwa na ile homa inayoanzia kooni, ikashuka magotini, ikaenda kumalizia moyoni. Mtoto wa namna hiyo huchomwa sindano kila baada ya wiki nne mpaka awe mtu mzima, na ghala ndilo linalokumbuka zamu yake na kutuma ujumbe nyumbani kwao.

Na ghala nalo lilikuwa na daktari wake. Ilikuwa programu waliyoiita Fomai, ambalo kwao ndilo jina la daktari. Kila alfajiri, kabla mtu hajafungua dirisha, Fomai alilizungukia ghala lote peke yake: nafasi inatosha? Nakala za akiba zimehifadhiwa? Kuna rekodi iliyovunjika? Akimaliza, aliwasha taa kwenye kioo cha Pelenise. Kijani ni uzima, nyekundu ni ugonjwa.

Asubuhi hiyo zilikuwa za kijani, zote.

"Pele! Hebu njoo hapa na hiyo mashine yako!" Aliyeita ni Losalina, muuguzi, mwanamke wa mwili na sauti.

"Mashine haibebeki, dada. Kuna nini?"

"Njoo uone mwenyewe."

Kwenye benchi alikaa msichana wa miaka kumi na miwili, Sulufa, mguu mmoja ameunyoosha, goti limevimba kama kiazi cha jimbi. Alikuwa akivuta pumzi fupi fupi. Kando yake alikaa bibi yake, Bibi Fuatino, mkongwe aliyevaa nguo ya kanisani ingawa haikuwa Jumapili, akimpepea mjukuu kwa pepeo la majani.

"Sindano imempita," alisema Losalina, "na iliyofuata nayo imempita. Kwa nini hamkumwita, Pele?"

"Tulingoja kuitwa," alisema Bibi Fuatino, "na simu ipo, na chaji ipo."

"Lakini Fomai anasema kila kitu kizima," alisema Pelenise.

"Aa! Basi mwambie Fomai aje amchome huyu sindano, mimi nikanywe chai." Losalina alimchoma msichana sindano, akamsikiliza kifua, kisha akamvuta Pelenise pembeni. Utani ulikuwa umemtoka. "Moyo wake unalia kama mlango usiofunga. Wale madaktari bingwa wa Auckland, Nyuzilandi, wanakuja wiki ijayo, na wakiondoka ni mpaka mwaka mwingine. Huyu si wa kungoja mwaka mwingine, Pele. Lazima awe kwenye orodha yao."

Orodha hiyo ilikuwa itoke yenyewe saa sita mchana siku hiyohiyo, ikichukua majina kutoka ghalani. Pelenise akarudi mbio kwenye kiti chake.

Aliandika jina la msichana. Akamwona, picha yake na tabasamu lake. Akashusha pumzi. Kisha akafungua orodha ya mabingwa. Sulufa hayumo. Akarudi kwenye jina: yupo. Orodha: hayupo. Alizima kompyuta, akaiwasha, akaenda kunawa uso, akarudi. Yupo, hayupo. Na zile taa za kijani zikamtazama tu, kama mtu anayekuchekea huku amekuficha kitu.

Mwishowe akafungua chumba kimoja ambacho hakuwa na kawaida ya kukifungua. Fomai akikuta rekodi iliyovunjika huitenga, huiweka karantini, halafu hulipima ghala lililobaki. Na mle karantini alikuwamo mmoja tu, Sulufa, peke yake. Kumbe daktari alimtoa mgonjwa nje ya wodi, kisha akaandika kwamba wodi nzima ni wazima!

Sababu ilikuwa imeandikwa chini yake: tarehe ya kuzaliwa haipo. Tarehe thelathini Desemba, 2011.

Hapo akakumbuka. Walipoingiza kumbukumbu za zamani za kliniki, kama miezi miwili nyuma, Fomai, ambaye alitengenezwa ugenini, alilia kila alfajiri kwamba siku nzima imepotea. Taa nyekundu juu ya nyekundu. Ni Pelenise mwenyewe aliyekaa akamfundisha: tulia, huku kwetu siku hiyo haikuwapo, ukiikuta mahali ujue ni kosa. Ofisi nzima ilicheka, na yeye akawanunulia panikeke za moto, maandazi ya kwao, kwa furaha.

"Bibi," alisema akirudi kwenye benchi, "Sulufa alizaliwa lini?"

"Tarehe thelathini Desemba. Kila mwaka tunamkatia keki."

"Mwaka 2011?"

"Huohuo."

"Haiwezekani, Bibi. Siku hiyo haikuwapo."

Bibi Fuatino akamtazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo hakuzaliwa? Na huyu aliyekula majimbi yangu miaka yote hii ni nani?"

Losalina akacheka. Pelenise hakuweza. "Labda ni ishirini na tisa? Au thelathini na moja?"

"Mimi mzee, sijawa mjinga. Thelathini."

"Pele, andika thelathini na moja, mambo yaishe," alisema Losalina.

"Hayaishi, dada. Zile picha za moyo wake zimefungwa kwa jina na tarehe. Nikigeuza tarehe, picha zinabaki za mtoto mwingine, na mabingwa hawana cha kutazama."

"Basi ifute hiyo sheria uliyomfundisha."

Pelenise alikwenda akaifuta. Papo hapo Fomai akapiga yowe, siku imepotea, taa zote zikawa nyekundu, na orodha nzima ya watoto ikazuiwa, maana ghala likiwa gonjwa halitoi kitu. Akairudisha sheria. Taa zikawa kijani, orodha ikafunguka, Sulufa akatupwa nje. Akifuta, wanazuiwa wote. Akirudisha, anazuiwa mmoja. Alijaribu kumwombea msamaha yeye peke yake, lakini Fomai hana sikio la msamaha, anataka sababu. Akaketi mikono kichwani. Mtoto anapumua pale nje, kikohozi chake kinasikika, na hakuzaliwa siku yoyote.

Isipokuwa ... Ijumaa ile ilirukwa Samoa hii tu. Ng'ambo kidogo, kwa binamu zao wa Samoa ya Marekani, kule Pago Pago, kalenda haikuguswa. Kule watu waliamka Ijumaa, wakavua samaki, wakagombana. Aliyezaliwa kule, kazaliwa siku halali, na hiyo ni sababu ambayo hata Fomai angeielewa. Akatazama mahali pa kuzaliwa pa Sulufa. Pameandikwa Apia.

Akatoka tena. Safari hii hakusimama. Aliketi sakafuni mbele ya mkongwe, miguu ameikunja, kama inavyompasa mtu anayetaka neno kwa mkubwa wake.

"Bibi, huyu mtoto alizaliwa wapi?"

Pepeo likasimama, kisha likaendelea. "Si imeandikwa?"

"Imeandikwa. Nakuuliza wewe."

"Leo joto sana," alisema Bibi Fuatino.

Losalina akafungua mdomo, Pelenise akamzuia kwa mkono. Sulufa ndiye aliyesema, polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Bibi, si ulisema ni hospitali kubwa ya Apia? Ukasema mvua ilikuwa inanyesha."

"Mvua ilinyesha."

Saa ya ukutani ilikuwa imekaribia sita. Pelenise hakuelewa. Kama ni kusahau, mkongwe huyu hakusahau hata keki. Kama ni kudanganya, mbona tarehe ameing'ang'ania hivyo?

"Bibi, kuna mtu unamwogopa?"

"Una mtoto, wewe?"

"Bado."

"Basi hujui." Bibi Fuatino aliliweka pepeo magotini. "Binti yangu alikwenda mbali kutafuta kazi. Tuliporudi na kichanga, mama wa mwanamume aliyezaa naye alitusindikiza mpaka gatini. Akaniambia mbele za watu, 'Aliyezaliwa kwetu ni wetu. Siku yoyote tutamfuata.' Nilipofika hapa waliniuliza mahali alipozaliwa, nikawatajia mahali pangu. Waliponiuliza tarehe ... tarehe ya mtoto siwezi kuidanganya. Ni yake."

"Mashine haimwambii mtu, Bibi. Wanaosoma ni mimi na madaktari tu."

"Na akiwa mzima, akawa mzuri, wakasikia?"

Losalina alitazama saa, akatazama sakafu. Sulufa alijivuta kwenye benchi, goti likamuuma, akauma mdomo, akaegemeza kichwa kwenye bega la bibi yake.

"Wakija," alisema, "nitawaambia nina bibi mmoja tu anayenipigia kelele, na sitaki wa pili."

Losalina alicheka kwa pua. Mkongwe hakucheka.

"Bibi, hawa wakikuuliza hujibu. Mimi je? Nilizaliwa wapi?"

Bibi Fuatino alimshika mjukuu wake kidevu, akamgeuza uso amtazame, kama vile hapakuwa na mtu mwingine mle kliniki wala saa ukutani.

"Pago Pago," alisema. "Nilikuwapo. Nilikupokea kwa mikono hii."