Kidonge cha Mama Isaka

Evarista, mama yake Isaka, alikigawa kidonge kwa wembe juu ya kifuniko cha sufuria, jikoni kwake Kalenga, huku maharage yakichemka. Daktari wa Iringa mjini alikuwa amemwambia ameze kizima kabla ya kulala, na asimpe mtu mwingine. Lakini huyo daktari hakai Kalenga. Huku, jirani akikuomba dawa ukamnyima, siku ya msiba wako atakuja kula tu.

Tangu amzike mumewe, Evarista alikuwa hapati usingizi. Kila akifumba macho alimwona shemeji yake, Philbert, aking'oa mikonge ya mpaka na kuipanda upya ndani ya shamba la nyanya la Evarista, kule karibu na mto. Alilisema jambo hilo wazi. Watu walimpa pole, wakasema ni majonzi hayo, yataisha. Kilichomuuma kuliko hata shamba ni kuonekana amechanganyikiwa.

Kipande kimoja alimpa jirani yake Yusta, ambaye miguu humwaka moto akilala. Kingine alimpa mwenyekiti wa kitongoji, mzee Silvester. Cha tatu alikuja kukiomba Philbert mwenyewe, akidai naye halali. Evarista akampa. Dawa haina ugomvi na mtu. Kilichobaki akameza yeye.

Kwa kuwa kidonge kilikuwa kimoja, usingizi ulikuwa mmoja, na ndoto nayo ikawa moja.

Asubuhi walikutana bombani.

"Kamwene, Mama Isaka," alisema Yusta. "Kumbe alianza kung'oa upande wa mtoni!"

"Ndiyo, alianzia mtoni."

Mzee Silvester, ambaye kipande chake kilikuwa kidogo kwa sababu wembe uliteleza, alikuwa ameona mikono na jembe tu. Akaomba asimuliwe mengine. Yusta alimsimulia vizuri, ila akasema jembe lilikuwa lile la kanisani. Philbert, aliyekuwa akisubiri ndoo yake ijae, akamsahihisha.

"Jembe lilikuwa langu, dada. La kanisani limevunjika mpini tangu masika."

"Haya," alisema Yusta, akaendelea.

Silvester alijikuna kidevu. Alisema sasa ameelewa, na anamwomba Mama Isaka radhi kwa yale maneno ya majonzi. Ila ndoto, alisema, baraza la ardhi haliipokei, hata akiiota mwenyekiti. Philbert akabeba ndoo yake, akaenda kumwagilia nyanya.

Evarista alifurahi, tena sana. Alirudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, akapanda kitandani bila kidonge wala nusu yake, akalala. Aliota mvua tu.

Aliporudi mjini, daktari akamuuliza kama dawa imemsaidia, naye alijibu kwamba imemponya kabisa, na vipande vingine amewapa watu. Daktari alimgombeza kidogo, kisha akamruhusu aende.

Nyanya zimeiva. Wanunuzi hufika shambani na kumuuliza Philbert, mbele ya watu, "Nyanya za Mama Isaka leo bei gani?" Philbert hutaja bei bila ubishi, hupokea hela, huzitia mfukoni mwake. Mikonge imeshika mizizi pale ilipohamishiwa. Saa hizo Evarista yuko nyumbani, mlango wazi, amelala mchana kweupe, anakoroma.