Folda za Guka

Mchana wa Jumamosi Cucu Everlyn alikuwa sebuleni kwake Riruta, bega kwa bega na mjukuu wake Nyawira, akisikiliza diski kuukuu ya kompyuta ikikwaruza kama kuku anayepekua majani makavu. Ilitoka studio ya marehemu mumewe, Guka, River Road. Mzee yule alirekodi harusi na kwaya za watu mpaka akafa, na kama sauti yake mwenyewe ilikuwepo popote, ilikuwa humo. Fundi alikuwa ameonya kwamba diski haina siku nyingi.

Nyawira huandika programu kwa lugha ya C, kazini kwake Kilimani. Hii alimwandikia Cucu: ifungue folda, na folda zilizo ndani yake, ikikuta sauti iinakili. Ila kila ikifika katikati, inakufa.

"Imekataa tena, Cucu."

"Kwani imechoka?"

"Haichoki. Ngoja... Kitendawili!"

"Tega!"

"Kila mlango nikifungua napewa namba. Namba zikiisha, sifunguliwi popote."

"Lodging za River Road."

"Wapi! Ni programu yangu na hizi folda. Nipe mji."

"Chukua Riruta yote, na matope yake."

Mwenye kupewa mji sharti asimulie alivyoutembelea. Ndivyo Cucu alivyomfundisha tangu utotoni.

"Nilikwenda Riruta," Nyawira akaanza, "nikaingia kwa Mama Stacy, nikala mukimo, nikaaga, nikafunga mlango. Nikaingia kwa Karanja, hakuna kitu, nikaenda kwa Lornah..."

"Hebu simama! Kwa Karanja hukuaga? Penye chakula una adabu, pasipo na chakula unaacha mlango wazi! Mtoto wa nani wewe?"

Nyawira alicheka, kisha kicheko kikamkatika. Akaisoma programu upya. Folda yenye sauti aliifunga vizuri kwa closedir, amri ya kufunga folda. Isiyo na sauti aliiacha wazi akakimbilia nyingine, na namba yake ikabaki imeshikwa.

Akaongeza mstari mmoja. Programu ikafika katikati, ikapita. Cucu alikuwa amefumba macho, midomo ikimcheza. Diski ikalia, ikatulia.

Nyawira akabonyeza rekodi iliyokuwa fupi kuliko zote.

"Moja, mbili... Everlyn, nasikika huko nyuma?"

Cucu akajishika kifua. "Unasikika, Baba Mwaura. Unasikika vizuri kabisa."

"Nirudie, Cucu?"

"Ngoja kwanza, mama. Bado namjibu."