Taa ya Upande wa Kulia

Tangu ajali ile, Dishon Oketch alikuwa na neno moja tu mdomoni: taa. Ukimsalimia, taa. Ukimpa pole, taa. Pikapu yake, Pijo kuukuu iliyobeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Usenge hadi Kisumu, ilikuwa imemgonga mtu pale sokoni Otonglo jioni, giza likianza kuingia. Aliyegongwa alikuwa Selpha, muuza mboga ambaye sokoni hapo hakuna asiyemjua. Alikuwa akivuka kutoka upande wa kulia. Mguu ulivunjika vibaya, na madaktari walishasema hautarudi kuwa ule wa zamani.

Na Oketch hakuwa mwongo, tusimwonee. Kwa wiki kadhaa kabla ya ajali, kila jua lilipotua, upande wa kushoto wa barabara ulionekana vizuri na wa kulia ukafifia kama umetandwa na moshi wa kuni. Alisema ataitengeneza taa hiyo, akaahirisha, kama tunavyoahirisha sote. Basi alipokwenda hospitalini pamoja na wazee wa kanisa, alisimama miguuni pa kitanda akaeleza habari ya taa, akaomba msamaha. Selpha alimtazama, akasema, "Nimesikia." Wazee wakamshukuru Mungu kwa msamaha huo, wakasali, wakaenda zao.

Lakini usingizi ulimpaa Oketch. Alitaka kosa la taa lipatikane, lishikwe mkononi, ili moyo wake uamini kwamba aliyemvunja mama wa watu ni kipande cha waya wala si yeye.

Ndipo akalipeleka gari kwa Shitanda, fundi wa umeme wa magari kule Nyalenda, Mluhya wa maneno machache aliyelihudumia tangu nywele za wote wawili zikiwa nyeusi. Shitanda akachomoa fyuzi, akaiona nzima. Akapima waya kwa kitaa chake kidogo, akaona umeme unafika. Akaufuata waya mweusi unaofungwa kwenye bodi, akakuta kutu, akaisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa. Oketch akashusha pumzi. Kumbe ni kutu tu. Jua lilipozama wakalielekeza gari kwenye ukuta, Oketch akaketi ndani, wakawasha. Oketch akasema bado kulia ni hafifu.

Shitanda akabadilishana balbu, ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto akaiweka kulia. Alieleza kwamba kama ugonjwa ni wa balbu, utahama nayo. Wakawasha. Bado ni kulia. Akafungua kioo cha taa, akapangusa ndani, ambako kulikuwa safi kama sufuria ya bibi harusi. Wakawasha tena.

"Bado," Oketch akasema.

Fundi akasimama kando akautazama ukuta. Aliona miviringo miwili ya mwanga, sawa kwa sawa. Akamtazama Oketch kupitia dirishani, muda mrefu kuliko fundi anavyomtazama mteja. Kisha akamwomba ashuke, asimame mbele ya gari, azielekee taa, amwonyeshe ile mbovu.

Oketch akanyoosha kidole bila kusita.

"Hiyo ni ya kushoto, omera, ndugu yangu," Shitanda akasema. "Ukiwa ndani ulisema ni ile ingine. Taa haijahama. Ni wewe umegeuka."

Oketch akacheka. Fundi akamwambia aitazame pua yake yeye fundi, asibandue macho, kisha akaleta spana polepole kutoka upande wa kulia wa Oketch. Oketch aliiona ilipokaribia kabisa kuigusa pua ya fundi. Ilipoletwa kutoka kushoto aliiona mara moja, mkono wa fundi ukiwa bado umenyooshwa. Wakarudia, na haikubadilika.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Oketch alifundishwa methali hiyo tangu shule ya msingi, na siku zote alidhani inawahusu wengine. Akili yake, sitamfichia, ikakimbilia mahali pabaya: akamwomba Shitanda amwekee balbu iliyoungua, mambo yaishe, nani atajua? Shitanda hakumgombeza. Alizima taa, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwake. Alisema tu kwamba hata huyo mwingine atakayevuka kutoka kulia ana watu wanaomngoja nyumbani. Oketch akakaa juu ya tairi bovu akalia, mtu mzima na mvi zake, na fundi akajifanya anapanga vifaa.

Asubuhi alikwenda hospitalini kwa miguu, bila mzee wa kanisa hata mmoja. Akasimama kando ya kitanda akamwambia Selpha yote. Taa ni nzima, macho yake ndiyo yaliyokufa upande mmoja. Hatashika usukani tena. Na ule msamaha aliopewa kwa ajili ya taa, amekuja kuurudisha.

Selpha akajaribu kujiinua, maumivu yakamrudisha kwenye mto.

"Taa zote mbili zilikuwa zinawaka, Baba," akasema. "Zilinimulika mpaka nikaona vidole yangu. Nilijua ni wewe, nikakupungia mkono, nikafikiri unaniona. Halafu ukakuja hapa na wazee ukasema ni taa. Nikajiuliza, huyu mtu nimemkosea nini?"

Siku zote hizo mama huyu alikuwa amelala hapo akiamini kwamba aligongwa kwa kusudi, huku watu wakimsifu kwa kusamehe jambo ambalo hakuwahi kulisamehe. Alikuwa amesema amesikia, na amesikia tu.

"Kumbe hukuniona," Selpha akasema, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. "Kumbe ni kutoniona tu."

Akanyoosha mkono kumshika. Ulitokea upande wa kulia, na Oketch, aliyekuwa ameukazia macho uso wake, hakuuona mpaka ulipomgusa.