Neno Aliloliruka Zahor

Neno lilimkwama Zahor kooni mbele ya wazazi sitini, kipaza sauti kikiwa mkononi mwake, na kwa muda wa pumzi mbili tatu ukumbi mzima ukasikia mvumo wa kiyoyozi tu. Kando yake alikaa mzee mweusi mrefu, mguu wa kulia ameunyoosha kwa kuwa goti lake halikunjiki tena, akimsubiri bila haraka.

Mzee huyo alikuwa Ransford Tulloch, zamani winga wa timu moja ya kaskazini mwa Uingereza, na mtu mweusi wa kwanza kuivaa jezi yake. Alikuwa amekuja Maskati kumtembelea binti yake anayesomesha huku. Nasriya, bintiye Zahor, anayefundisha timu ya mpira ya wasichana huko Bawshar, mjini humo humo, alipopata habari alimwomba aje azungumze na wachezaji wake na wazazi wao. Mkalimani hakutafutwa mbali. "Baba, wewe umekaa kwao miaka minne," alisema. "Nani mwengine atakijua Kiingereza chao?" Zahor alikubali kabla ya kuuliza jina la mgeni. Alipoliona kwenye mwaliko, alikuwa keshachelewa kukataa.

Sentensi iliyomshinda ilikuwa fupi. Tulloch alisema, bila kupandisha sauti, "Kila nilipogusa mpira, mashabiki wa timu yangu mwenyewe walinitolea sauti za nyani."

Zahor akasema kwa Kiarabu, "Kila alipogusa mpira, mashabiki walimzomea."

Wazazi wakatikisa vichwa kwa huruma nyepesi, kama watu wanaosikia habari za mvua ya nchi nyingine. Kuzomewa ni sehemu ya mpira. Nani hajazomewa? Lakini Nasriya, aliyesimama mlangoni na wasichana wake, alimkazia macho baba yake, naye akayakwepa.

Mwaka 1980 Zahor alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa uhandisi katika mji ule ule wa Tulloch, mji wa viwanda ambao baridi yake ilimpenya hadi kwenye mifupa. Wenzake wa bweni walipomwuliza atokako, alijibu kuwa yeye ni Mwarabu wa Maskati. Hakusema kwamba amezaliwa Unguja. Hakumtaja Bibi Masouda, mama wa mama yake, aliyemlea na kumfundisha kusali, ambaye rangi yake ilikuwa ya Tulloch hasa. Picha ya bibi huyo, aliyopewa na mama yake siku ya kuondoka, ilikaa chini kabisa ya sanduku, uso umegeuziwa nguo. Wenzake wakamkubali, wakawa wanakwenda naye uwanjani. Na jukwaa lote lilipoinuka na kutoa sauti ile, Zahor aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akafungua kinywa.

Baada ya mazungumzo, msichana mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa Balqees, winga wa timu, mtoto wa miaka kumi na mbili, mweusi, mwenye macho yasiyoogopa. "Kuna yeyote kati yao aliyekuja kukuomba radhi?"

Tulloch alitabasamu kidogo. "Miaka arobaini na kitu nimekutana na watu wengi wa mji ule. Wote wananiambia walinipenda. Sijakutana na hata mmoja aliyefanya vile. Uwanja ulikuwa umejaa pomoni, lakini ukiwauliza, hakuna aliyekuwepo."

Hayo Zahor aliyafasiri yote. Kisha akakizima kipaza sauti.

Watu walipokuwa wakinywa kahawa, Nasriya alimvuta pembeni. "Baba, hakusema walimzomea."

"Mna watoto humu ndani, mwanangu."

"Watoto hao hao ndio wanaoambiwa. Balqees kaambiwa nyani mwezi uliopita, tena na mama wa mchezaji mwenzake, na hapa wazazi wote wanasema ulikuwa mzaha. Mimi sikumwita mgeni huyu aje kutusimulia mabao. Nilitaka wazazi walisikie neno lile likitoka kwa mtu mzima aliyeishi nalo. Wewe umeniondoshea."

Zahor aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya ukumbi ilikuwa ya marumaru, ngumu na safi, ikimwonyesha kivuli chake.

Ni yeye aliyetakiwa kumrudisha mgeni nyumbani kwa binti yake, mtaa wa Khuwair ya Kusini. Jua lilikuwa limeinama na magari yalisogea kwa kusukumana. Tulloch alisifu barabara, akasifu halwa. Kisha akasema, "Kiingereza chako kina lafudhi ya kwetu. Umekipata wapi?"

Zahor akautaja mji. Tulloch akageuka kwenye kiti, polepole, kwa sababu ya goti.

"Mwaka gani?"

"Elfu moja mia tisa na themanini."

"Ulikuwa ukija uwanjani?"

Zahor aliingiza gari pembeni, mbele ya duka la dobi, akazima injini. "Nilikuwepo," alisema. "Nilifanya kama walivyofanya wao. Mara moja tu."

Nje, mtu alikuwa akipakia kanzu zilizopigwa pasi kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, moja moja, kwa uangalifu. Tulloch alimtazama mtu yule mpaka akamaliza.

"Wewe?" aliuliza hatimaye.

"Niliogopa. Niliona wakimaliza kwako watanigeukia mimi."

"Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili," Tulloch alisema. "Nami niliogopa. Unajua nilikuwa nikifanya nini kabla ya mpira kuanza? Nilikuwa nikitafuta uso kama wako jukwaani. Nikiupata, nilijiambia, alau yupo mmoja." Akafungua mlango. "Nitatembea. Si mbali."

Zahor alimwona akienda kando ya maduka, akiuburura mguu kidogo, mpaka akapinda kona. Hakusikia wepesi aliokuwa akiutarajia. Kuna mzigo ambao mtu huutua akaona bado mabega yamepinda.

Baada ya Maghrib alimkuta Nasriya sebuleni kwake, akipanga jezi za timu. Nasriya alikuwa na sura ya Bibi Masouda na rangi yake pia. Zahor alilijua hilo tangu siku aliyozaliwa, na hajapata kulitamka. Alikaa akamweleza yote: bweni, picha ndani ya sanduku, jukwaa, gari. Nasriya alisikiliza, jezi ikiwa mapajani, hata asiikunje.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Nimemwambia mara moja."

"Sikukuuliza ulichomwambia, Baba."

Zahor aliitazama mikono yake. Ilikuwa mikono ya mzee anayeheshimika, mikono ambayo watoto wa jamaa huibusu siku ya Idi. "Kila mechi ya nyumbani," alisema. "Msimu mzima. Mwisho mwisho nilikuwa nikianza mimi, wenzangu wakifuatia. Walikuwa wakicheka, wakinipiga mgongoni. Nilifurahi, mwanangu."

Nasriya hakupandisha sauti. Alikisogeza kiti chake nyuma kidogo, na Zahor akaiona nafasi ile iliyobaki baina yao.

"Nipe namba ya Tulloch," Zahor alisema.

Nasriya akamwandikia. Simu iliita mara tano.

"Tulloch."

"Ni Zahor, mkalimani. Nililokuambia garini halikuwa lote."

Nyuma ya sauti ya Tulloch televisheni ilikuwa ikinguruma na wajukuu wakigombea kitu. Halafu zikasikika hatua, moja nzito na moja nyepesi, na mlango ukafungwa. 

"Endelea," alisema Tulloch.

Nasriya alikuwa bado amekaa. Zahor alifumba macho, akaanza na Jumamosi ya kwanza.