Vifungio vya Ski za Deborah

Mama mwenzangu, kama mtoto wako amepata kazi kule kwenye theluji ya Lesotho, akakuomba umtafutie ski, soma haya kwanza. Usicheke. Mimi pia nilicheka. Nani katika ukoo wetu, kutoka Uvira mpaka huku Durban, aliwahi kufunga mbao mbili ndefu miguuni ili ateleze mlimani kwa kupenda mwenyewe?

Deborah wangu alianza kule kama mwosha vyombo. Majira ya baridi ya kwanza walimwazima ski, akaanguka mpaka akachoka kuanguka. Majira ya pili akawa anawapita watoto wa matajiri. Mwaka wa 2012 wakamwambia: ukifaulu mtihani wa mwezi wa saba, unatoka jikoni, unakuwa mwalimu wa wanaoanza. Lakini uje na ski zako mwenyewe.

Akanipigia simu. "Mama, sitaki zile nyembamba za mashindano. Zinashika vizuri kwenye barafu, lakini theluji ikilainika zinazama. Na pana sana sitaki, huku asubuhi njia iko ngumu kama saruji. Nataka za mlima mzima. Upana wa wastani, urefu unifike puani. Na zisiwe laini kama za wanaoanza, maana sasa ninaenda mbio."

"Mbio za nini tena?"

"Mama!"

Mimi na yeye tuna kimo kimoja. Kwa hiyo nilienda Queensburgh, kwa Blaise, kijana wetu wa Bukavu anayeuza vifaa vya michezo vya mitumba, nikasimama kando ya ski nipimwe nazo.

"Maman, simama wima," Blaise akasema. "Unajikunja kama unapimwa jeneza."

"Shindwa! Usiniletee jeneza hapa."

Za kwanza zilikuwa ndefu kunipita kichwa, zinang'aa. Nikazipenda. Viatu vya shule si tunanunua vikubwa, mtoto akue navyo? Blaise akazirudisha ukutani. "Hizi zitamshinda kupinda kona. Ski si sare ya shule, maman. Deborah ametoka kwenye kuanza, lakini bado si bingwa." Za pili zilikuwa fupi, zinalegea mikononi kama ufagio. "Hizi, akienda mbio zitatetemeka." Za tatu zilikuwa nyeusi, zimechubuka kidogo, si nyembamba wala si pana. Zikanifika puani. Blaise akazikandamiza kwa goti, zikakataa kupinda, halafu zikakubali.

"Ndizo," akasema. "Barafu zinaenda, laini zinaenda. Sasa niambie, Deborah ana kilo ngapi? Sema kweli, siyo kilo za kutafutia mchumba."

Nikasema kweli. Nikamwambia na urefu wa buti, kama Deborah alivyonitajia. Blaise akageuza skrubu za vifungio, yaani vile vyuma vinavyoshika buti juu ya ski, mpaka alama ikasimama kwenye namba aliyoitaka. Hakunieleza kwa nini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kamba ya kuzibebea, sikuuliza.

Nyumbani mume wangu, Athanase, akazipokea. Kazi yake ni kufunga mizigo kwenye malori karibu na bandari. Mzigo alioufunga Athanase unafika Lubumbashi bila kusogea hata kidole, na kila mtu kwenye depo anajua hivyo. Akashika kifungio cha mbele, akakisukuma kwa kiganja. Kikasogea kando, kikarudi.

"Nani alifunga hii?" akauliza. "Hii itamtoka mtoto mlimani!"

Akachukua bisibisi, akakaza skrubu zote mpaka zikagoma. Akasukuma tena vile vifungio, akiuma meno. Havikusogea. "Sasa hata Goliati hawezi kuzitoa."

Nikamshukuru. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu mtoto aende kule.

Ski zikapanda Lesotho na gari la vyakula la kule kazini kwake. Deborah akaniuliza kwenye simu, "Zimepimwa?" Nikamjibu, "Blaise amezipima." Akapiga kelele za furaha.

Asubuhi ya mtihani nilimpelekea Blaise sombe na samaki, kumshukuru. Alikuwa anakula huku amesimama, mimi ninajisifu.

"Na Athanase amezikaza zaidi. Hazitoki hata kwa nyundo."

Kijiko kikasimama. "Amekaza nini?"

"Vifungio."

"Maman." Akaweka sahani chini. "Vile vinatakiwa kuachia! Mtu akianguka vibaya, ski inamwacha, inaenda zake. Isipomwacha, ile mbao inageuka na mguu unageuka nayo. Goti linakatika. Piga simu. Piga sasa!"

Simu ya Deborah ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa. Nikampigia Bernadette, mpishi mkuu wa kule, Mkongo mwenzetu, ndiye aliyemtafutia kazi. Alipopokea nilisikia masufuria.

"Bernadette, mzuie Deborah! Vifungio vimekazwa, asishuke!"

"Lakini wameshapanda, Mama Deborah."

"Kimbia!"

Nikasikia mlango, halafu upepo, halafu pumzi zake. "Eish, nitaanguka mimi mwenyewe na viatu hivi... Debo! Debo!"

"Unamwona?"

"Namwona. Yuko juu kabisa, kwenye foleni."

"Mpungie mkono!"

"Napunga na taulo. Anafikiri ninamshangilia. Na yeye ananipungia."

Blaise alikuwa ameshika kiwiko changu.

"Ameanza kushuka," Bernadette akasema. "Anashuka vizuri, mama. Anakata kushoto. Kulia. Kushoto. Ee, mtoto huyu! Hata wale wanaompima wanatikisa vichwa kwa kukubali."

"Mwambie asimame!"

"Hanisikii, upepo mwingi. Amefika kwenye barafu sasa, zinashika, zinash..."

Nikabana simu sikioni.

"Bernadette?"

"Ameanguka."

"Ski imetoka?"

Akawa anakimbia, hajibu.

"Bernadette! Ski imetoka mguuni?"

"Hapana."

Halafu nikasikia sauti ya mwanangu, kutoka mbali, ndani ya simu ya mtu mwingine.

Walimleta Durban. Kano za goti zilikuwa zimekatika, wakampasua. Daktari alisema atatembea vizuri, lakini habari ya kuteleza tena hakutaka kuniahidi. Nafasi ya ualimu wakampa mwingine.

Athanase alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi.

"Nani aligusa skrubu?" Deborah akauliza.

Nikafungua mdomo. Athanase akanitangulia. "Ni mimi. Nilitaka zisikutoke."

Deborah akamwangalia baba yake. "Papa, kule juu tunaomba zitutoke." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini zilikuwa nzuri, mama. Kwenye barafu, kwenye laini, kila nilipotaka kwenda zilikuwa zinanisikia. Ulichagua vizuri."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Basi, mama mwenzangu, chagua ski za kumfaa mtoto alivyo leo. Ukishachagua, vifungio mwachie anayejua kuvipima, na mtu mwingine nyumbani asiviguse, hata awe baba mwenye mikono ya dhahabu. Ukiona vinasogea, usiogope. Visiposogea ndipo uogope.