Robo Saa Chini ya Gari

Simu ililia saa nne asubuhi, Jumamosi moja ya Agosti 1976, Suad na mumewe Abdulsamad wakipakia gari kwa safari ya Wales. Lilikuwa kampa kuukuu, lenye kitanda, jiko na sinki ndani, ambalo Abdulsamad alilinunua kwa Tarsem, mwenzake wa kazini. Mtu wa upande wa pili alisema yeye ni Ameir, mdogo wake Bi Time, mamake Suad. Mjomba huyo alitoweka Unguja Januari ya 1964, na tangu hapo hakuna aliyepata barua yake wala salamu.

Alieleza kwa haraka kwamba ni fundi wa injini za meli, na meli yake imetia nanga bandari ya London, upande wa mashariki. Namba ya simu alipewa na Mpemba mmoja aliyekutana naye Rotterdam. Meli inaondoka saa tisa. Yeye yuko zamuni na hana ruhusa ya kwenda mbali, lakini wakija atatoka getini awaone. Mwisho wake ni saa nane u nusu.

Bi Time alisikiliza habari hizo amesimama mlangoni. Aliingia ndani akavaa baibui lake, akaja kukaa nyuma ya kampa, katikati ya masufuria na mablanketi.

Kutoka Queensbury walishika barabara ya North Circular. Ulikuwa mwaka wa ukame. Nyasi za kando ya njia zilikuwa zimeungua kabisa. Suad alishika ramani, lakini macho yake hayakutoka kwenye mshale wa joto la injini. Ulipanda polepole tangu Brent Cross. Walipofika Edmonton ukagonga mwisho, na mvuke ukaanza kupenya miguuni mwa Abdulsamad. Akaegesha kando.

Alilala chini ya gari, akatoka na habari mbaya: mpira wa chini wa rejeta, unaopitisha maji ya kupozea injini, umepasuka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita alisema duka la vipuri ni mwendo wa nusu saa kwa miguu, na huenda limefungwa. Abdulsamad alijaribu kuuzungushia utepe wa plastiki, lakini maji yaliusukuma ukabanduka. Ilikuwa imekaribia saa sita. Walifikiria treni, wakaona watazunguka mno, na magoti ya Bi Time hayawezi ngazi.

Ndipo Suad alipofungua kabati la chini ya sinki, akaung'oa mpira unaotoa maji machafu.

"Huu je?"

Ulikuwa mwembamba kidogo, lakini Abdulsamad aliuvuta ukaingia, akaukaza kwa klipu. Rejeta waliijaza kwa maji ya kunywa ya safari. Alisema mpira huo haukutengenezewa maji ya moto, kwa hiyo lazima wafungue hita ya ndani ya gari mpaka mwisho, ili ivute joto kutoka kwenye injini. Basi katika joto lile wakaenda na hita inawapulizia usoni. Suad kila mara aligeuka kumwangalia mamake, akihofu atazimia. Bi Time alikuwa amelowa jasho, tasbihi mkononi.

"Mama, tusimame kidogo upate hewa?"

"Twende."

Barking wakasimama tena, kwa kuwa maji yalikuwa yanavuja. Walingoja injini ipoe. Ilikuwa saa saba na dakika arubaini. Abdulsamad aliomba radhi mara tatu, na Suad akawa anaikunja na kuikunjua ramani, akiogopa atakachokisema akifungua mdomo. Hapo Bi Time akasema, bila kumtazama yeyote, kwamba siku ile ya Mapinduzi yeye ndiye aliyemtuma Ameir nje kumtafutia baba yao dawa. Mabomu yalikuwa yakisikika, na bado alimtuma. Suad hakuwahi kulisikia neno hilo.

Walifika getini saa nane na robo. Mtu mwembamba mwenye mvi, ndani ya ovaroli la buluu, aliwajia.

"Shikamoo, dada," akasema, akambusu mkono.

"Marahaba."

Baada ya hapo wote wawili wakakwama. Ameir akainamisha macho, akaona maji yanavyotona chini ya kampa. Akauliza watarudije na gari kama hili, na kabla hajajibiwa alikwisha ingia chini yake. Abdulsamad alimsihi aache. Suad alipandwa na hasira: miaka kumi na miwili, na mtu anachagua mpira wa rejeta.

Bi Time alikaa polepole ukingoni mwa njia, karibu na viatu vya mdogo wake.

"Dawa uliipata?"

Mlio wa bisibisi ulisita.

"Niliipata. Nikakamatwa nayo njiani. Walipotuachia, nikaambiwa baba keshazikwa. Sikuweza kurudi kukutazama usoni."

"Mie ndiye niliyekutuma, Ameir."

"Ningekwenda hata usingenituma."

"Baba alikuulizia mpaka mwisho. Nikamwambia uko salama."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui. Nilimwongopea."

Miguu ya Ameir ikaanza kutetemeka, na Bi Time akaushika mmoja kwa mikono miwili, asiuachie.

Bawabu aliita. Ameir akatoka, uso umejaa mafuta meusi na machozi. Dadake aliushika uso huo hivyo hivyo, akaukodolea macho kama anayetaka kuujua upya. Ameir akamwambia Abdulsamad ameufunga mpira kwa waya, asiende mbio, hita asiifunge. Pembeni mwa ramani akaandika anwani ya wakala wa meli yake huko Montevideo, bandari watakayofikia. Akaingia getini upesi, bila kugeuka.

Walirudi taratibu, na mpira ukashika. Walipokwisha pita Ilford, Bi Time akauliza Montevideo ni wapi, na barua huchukua siku ngapi kufika. Suad alisema hajui, Jumatatu ataulizia posta. Alipogeuka, alimkuta mamake ameiweka mikono yake, yenye mafuta meusi ya uso wa Ameir, juu ya mapaja, viganja juu, asiguse nayo kitu.